Turudi Palepale

Mzazi wa Mwanza akitaka kuwatembeza watoto, mawazo yake huanzia mbali. Anafikiria Serengeti, kwa kuwa lango la Ndabaka liko kandokando ya barabara ya Musoma. Anafikiria Rubondo kama mfuko unaruhusu, au Dar es Salaam wakati wa likizo, watoto wakaione bahari. Kisha anapiga hesabu ya nauli, viingilio na mahali pa kulala, hesabu inagoma, na watoto wanashinda ndani na televisheni mpaka shule zifunguliwe. Nimezaliwa katika mji huu na ninalea watoto watatu humu humu. Ninachoamini, na ningependa wazazi wenzangu wakifikirie, ni kwamba mtoto mdogo hahitaji mahali papya. Anachohitaji ni mahali pamoja pa karibu, apelekwe, arudishwe, arudishwe tena, mpaka aanze kupaita kwetu.

Kwa familia yangu mahali hapo ni kisiwa cha Saanane. Ukisimama Capri Point unakiona kisiwa hicho mbele yako, mawe na miti, na boti kutoka ofisi za TANAPA hukufikisha katika muda ambao mtoto hajamaliza hata andazi lake. Ni hifadhi ya taifa ndogo kuliko zote nchini, kilomita za mraba 2.18 tu pamoja na maji yake. Mtu mzima anaweza kuidharau kwa udogo huo. Kwa mtoto wa miaka mitano ni nchi kamili: ina milima yake ya mawe, ina vichaka vya kuogopesha, na mwisho wake unaonekana, jambo linalomtuliza. Watoto wa chini ya miaka 5 hawalipi kiingilio, na Mtanzania analipa kidogo kuliko mgeni, kwa hiyo gharama kubwa ya siku ni boti na chakula, na chakula tunatoka nacho nyumbani.

Safari yetu ya kwanza nilikwenda na orodha kichwani ya wanyama ambao watoto wangewaona. Swala pala walikuwepo, wamesimama kivulini, na binti yangu mkubwa akawaangalia kwa muda wa kupiga chafya mbili. Kilichomshika ni mjusi. Wenyeji wa Mwanza tunawafahamu mijusi hao wa kwenye mawe, dume ana kichwa na mabega ya rangi kati ya nyekundu na zambarau, mwili wa buluu, na anapiga pushapu juu ya jiwe kana kwamba analipwa. Wanasayansi wamemwita Agama mwanzae, jina la mji wetu limo ndani ya jina lake. Nilipomweleza binti yangu kwamba huyo mjusi ana jina la Mwanza, alimtazama kwa heshima mpya. Akachuchumaa. Akakaa hapo mpaka mdogo wake akaanza kulia kwa kuchoka, na sehemu kubwa ya asubuhi ikaishia kwenye jiwe lile moja.

Mwenzangu aliyeambatana nasi siku hiyo alisikitika, akasema tumelipa boti kuja kuangalia mjusi ambaye hata ukutani kwetu yupo. Mimi sikusikitika. Nyumbani mjusi hupita, na sisi hupita, kila mmoja na haraka zake. Kule kisiwani hakuna aliyekuwa akimwita aoge, avae, awahi gari la shule. Nikaona kwamba nilichomnunulia mtoto kwa nauli ile ni muda, na yeye ndiye mwenye haki ya kuchagua autumie kwa mjusi au kwa swala.

Tuliporudi, alikwenda moja kwa moja kwenye jiwe lake. Safari hiyo akagundua pimbi waliokuwa wakiota jua juu kidogo, na askari wa hifadhi akamwambia kwamba yule mnyama mdogo kama sungura ni ndugu wa tembo. Hakuamini. Akanigeukia mimi nithibitishe, nikathibitisha, na wiki nzima kila aliyeingia nyumbani kwetu, hata fundi wa bomba, aliambiwa habari za pimbi na tembo. Safari iliyofuata alitaka kujua kisiwa ni cha nani. Nikamsimulia kwamba kina jina la Mzee Saanane Chawandi, mkulima na mvuvi aliyekuwa akiishi pale. Kwamba mwaka 1964 serikali ilianzisha hapo bustani ya wanyama, ya kwanza ya namna hiyo nchini, na mzee akahama kupisha. Kwamba mwaka 1991 pakawa pori la akiba, na mwaka 2013 hifadhi ya taifa. Miaka hiyo yote haikumgusa. Alinisikiliza, akafikiri, akauliza, "Mama, wanyama walimwambia asante?"

Tangu hapo, boti ikikaribia kisiwani, yeye ndiye anayewakumbusha wadogo zake kwamba tunaingia kwa Mzee Saanane, na kwa mzee wa watu hatutupi maganda. Sikumfundisha mimi. Ungeniambia nimfundishe mtoto wa miaka mitano uhifadhi ningeanza na hotuba, naye angeanza kuchezea viatu. Heshima ile ilitoka kwenye kurudi. Safari ya kwanza mtoto ni mgeni, na mgeni macho yake yanaruka huku na huku. Ya pili anatafuta alichokiacha. Ya tatu anaanza kuona kilichobadilika: tawi lililoanguka, maji yaliyopanda juu ya jiwe lililokuwa kavu, kobe asiyeonekana alipokuwa. Kubadilika huko hawezi kukuona mtoto anayepelekwa kila mara mahali pengine, hata kama mahali hapo ni pazuri namna gani.

Hapa lazima niseme habari za maji, maana Mwanza huwezi kuzungumzia matembezi ya watoto ukayaruka maji. Wazazi wengi wa umri wangu wamelelewa katika hofu. Nilikuwa shule ya msingi, madarasa ya chini kabisa, meli ya MV Bukoba ilipozama asubuhi ya tarehe 21 Mei 1996, ikitoka Bukoba, ikiwa imekaribia kufika kwetu. Walikufa watu zaidi ya 800. Taifa zima likaomboleza siku tatu. Ninachokumbuka mimi ni mtaa wetu ulivyonyamaza, watu wazima wakizungumza kwa sauti ya chini na kukatiza mazungumzo sisi watoto tulipoingia, na baadaye safari za kwenda Igoma, kwenye makaburi ya waliopotea siku ile. Baada ya hapo mama yangu aliweka sheria moja nyumbani: ziwa tutalitazama kwa macho. Tulikua tukiliona kutoka mlimani, asubuhi na jioni, na sikuwahi kuingiza mguu ndani yake mpaka nilipokuwa msichana mkubwa.

Mume wangu amekulia Ukerewe, na kwao mambo ni tofauti kabisa. Kisiwani mtoto hujifunza maji kama mtoto wa mjini anavyojifunza kuvuka barabara, kwa sababu hana njia nyingine. Mtoto wetu wa kwanza alikuwa bado ananyonya tarehe 20 Septemba 2018, kivuko cha MV Nyerere kilipopinduka kikiwa kimebakiza hatua chache kufika Ukara, na zaidi ya watu 200 wakafa. Kwa mume wangu huo haukuwa msiba wa kwenye redio. Nilitegemea kwamba yeye naye sasa angeweka sheria kama ya mama. Baada ya matanga alisema maneno ambayo nimeyabeba mpaka leo: kwamba watoto wetu wataishi kando ya maji haya wapende wasipende, na mtu anayeishi kando ya kitu asichokijua ndiye aliye hatarini zaidi.

Kwa hiyo hofu ya mama yangu hatukuitupa, maana ina haki yake. Tukaigeuza kuwa taratibu, na taratibu hizo watoto wanazijua kwa sababu ya kurudia njia ileile na boti zilezile. Jaketi la kuokolea huvaliwa nchi kavu, kabla mguu haujagusa boti, na mzazi ndiye anayefunga, havuti kamba mtu mwingine. Jaketi la mtu mzima halimfai mtoto; akitumbukia, jaketi linaelea na mtoto anachomoka chini yake. Omba la saizi yake, na kama halipo, siku hiyo hamvuki. Kila mtoto asiyejua kuogelea ana mtu mzima wake mmoja aliyetajwa kwa jina, kwa sababu mtoto akiwa wa wote anakuwa si wa mtu. Mnakaa chini, mikono ndani. Na mnavuka asubuhi. Ziwa letu mara nyingi huamka limetulia, kisha kadiri jua linavyopanda upepo unaanza kuvuma kutoka majini, na alasiri mawimbi yanakuwa ya kumtisha mtoto na kumlowanisha, hata kama nahodha hajashtuka.

Siku moja tulifika Capri Point upepo umetangulia. Mzee wa boti, ambaye watoto humwamkia shikamoo wakiwa bado mbali, alituitikia marahaba, akaangalia maji, akasema, "Wajukuu zangu, leo ziwa limeamka vibaya. Tusubiri kwanza." Tukasubiri. Halikutulia. Mtoto wa kati alilia kwa uchungu wa kweli, maana alikuwa amewaahidi pimbi maembe. Tukatandika kanga chini ya mti, tukala pale pale ufukoni matobolwa, karanga na mayai tuliyobeba, tukihesabu mawimbi yanavyopasuka kwenye mawe. Jioni tuliporudi nyumbani alimwambia bibi yake kwenye simu kwamba leo wameenda kuangalia ziwa likiwa na hasira. Wala hakusema kwamba safari ilivunjika. Nafikiri mtoto aliyewahi kuona watu wazima wakiambiwa na maji "leo hapana", nao wakakubali bila ugomvi, amejifunza jambo ambalo hakuna shule ya kuogelea itakayomfundisha.

Huyo bibi yao ndiye mama yangu, mwenye sheria ya kutazama kwa macho. Baba alipostaafu walihamia Sengerema, na kwa miaka mingi kuja kwetu kulimlazimu apande kivuko pale Busisi. Alikuwa anashuka kwenye basi kama abiria wengine, anashika rozari, anafumba macho mpaka ng'ambo. Watoto wangu hawakuwahi kumwelewa. Kwao Kigongo na Busisi ndiyo ilikuwa raha ya safari: foleni ya magari, akina mama wenye ndoo za samaki wa kukaanga, mlango wa chuma ukishuka kwa kishindo, na mbele kabisa nafasi ya kusimama na baba na kuona maji yakipasuliwa. Tarehe 19 Juni 2025 Rais Samia Suluhu Hassan alifungua daraja, kilomita 3 juu ya ghuba, na safari iliyokuwa inaweza kula saa nzima au zaidi pamoja na kusubiri sasa ni ya dakika chache. Mama alifurahi kuliko mtu yeyote ninayemjua. Sasa anakuja mara nyingi, anaingia na mfuko wa michembe, anamwita mjukuu wake wa kiume "mume wangu" na kumgombeza mdogo wa kike kwamba ni mke mwenza asiyefua. Nafurahi naye. Nawakumbuka wagonjwa na akina mama wajawazito waliokuwa wakisubiri zamu usiku, na sitamani hata kidogo zirudi siku zile.

Ila mtoto wangu wa kati, tulipovuka daraja mara ya kwanza, alikaa ameganda dirishani, akauliza, "Pantoni limeenda wapi?" Nikamwambia tumeshafika ng'ambo. Akaangua kilio. Kwake safari ya kwa bibi ilikuwa ni pantoni, na bibi alikuwa nyongeza nzuri mwishoni. Watu wazima tunapima safari kwa kufika. Mtoto mdogo hajui kufika. Anajua kamba nene iliyotupwa na kijana mwenye buti, honi iliyomfanya azibe masikio, kuku aliyechungulia kwenye kikapu cha jirani.

Dawa tuliipata mjini kwetu. Kutoka katikati ya Mwanza kuna kivuko cha kwenda Kamanga, upande wa Sengerema, kama nusu saa majini. Tunapanda kwa miguu, bila gari, bila shughuli yoyote ng'ambo. Tunavuka, tunanunua mahindi ya kuchoma au kipande cha muwa, tunarudi. Ni nauli ya kawaida ya abiria wanaokwenda sokoni na msibani, na kwa watoto ni sikukuu. Wakati wa kuondoka wanaliaga Jiwe la Bismarck, lile lililosimama majini juu ya mawe mengine mpaka mgeni akajiuliza limeshikwa na nini. Wajerumani walilipa jina la kansela wao; watoto wangu wameyapa majina mawe mengine yote yaliyo karibu nalo, na majina hayo hayabadiliki, ole wako uyakosee.

Wapo wanaoniuliza kwa nini, kama tunaishi ziwani, hatuwaachi watoto waingie majini wakajimwagie. Nawajibu kwa neno moja ambalo kila mtu wa kanda hii analijua, kichocho. Vimelea vyake vinatoka kwa konokono wadogo wanaokaa kwenye maji ya kina kifupi, hasa penye majani, navyo hupenya ngozi ya mtu aliyesimama ndani ya maji, bila kuuma, bila alama ya kumshtua mzazi. Mbali na ziwa, kwenye madimbwi na majaruba ya mpunga, tunajua zaidi kichocho cha mkojo, kinachomfanya mtoto akojoe damu. Ufukoni mwa ziwa kinachotawala ni cha tumbo, kinachokwenda polepole na kuumiza ini miaka mingi baadaye. Watafiti wa taasisi ya NIMR hapa Mwanza wamekifanyia kazi kwa miaka mingi, na watoto shuleni hupewa dawa ya praziquantel. Dawa inatibu, lakini haimkingi mtoto asiambukizwe tena akirudi majini kesho yake. Na wanaoingia zaidi kwenye maji ya kina kifupi penye majani ni nani kama si watoto wadogo? Kina kirefu tunawakataza kwa kuogopa wasizame, tunawaelekeza kwenye kina kifupi tukidhani ndiko salama.

Basi sisi tumechora mstari. Mchanga ni wao, maji ni ya kutazama na kurushia mawe. Tukifika ufukoni, iwe Luchelele au Igombe, mtoto wa kwanza ndiye anayeburuza fimbo kuchora mpaka, na wadogo wanaulinda kwa ukali kuliko mimi. Kuogelea wanajifunza kwenye bwawa la hoteli, kwa kulipia, mara chache, pale mfuko unapopumua. Hiyo ndiyo fedha ya matembezi ambayo siwezi kuipunguza. Mwanza ina hoteli kadhaa za ufukweni zenye mabwawa, na kama kuna jambo moja ningemwomba mzazi mwenye uwezo kidogo alitangulize kuliko safari ya mbali, ni hilo: mtoto wa ziwani ajue kuelea.

Kuna matembezi mengine ambayo hayana hata nauli. Yalianza kwa bahati, tuliporudi jioni kutoka kwa ndugu anayeishi Isamilo. Giza lilikuwa limeingia, mwezi hakuna. Kutoka mlimani tukaona taa zimetapakaa mbali ziwani, nyingi, mstari kwa mstari. Mtoto wa kati akauliza, "Mama, ule mji unaitwaje?" Baba yao akamwambia si mji, ni wavuvi wa dagaa. Zamani walitumia karabai, siku hizi wengi wanatumia taa za betri na sola. Wanaziwasha juu ya maji, dagaa wanaufuata mwanga, nao wanawazungushia nyavu. Mtoto alisikiliza nusu. Alichokitaka ni kurudi kuuona mji wake.

Tuliporudi mji haukuwepo. Ulikuwa usiku wa mbalamwezi, ziwa lote jeupe, na taa hakuna. Alichanganyikiwa kabisa, akadhani wavuvi wamepata ajali, na baba yake akamkalisha jiweni akamweleza alichojifunza kwa baba yake mwenyewe Ukerewe: mwezi ukiwa mkubwa unaangaza ziwa zima, dagaa hawana sababu ya kuifuata taa moja, kwa hiyo wavuvi wanapumzika, wanashona nyavu, wanakaa na watoto wao. Mwezi ukififia, wanarudi kazini. Mtoto akauliza, "Kwa hiyo mwezi ndiye bosi wao?" Tangu siku hiyo anaukagua mwezi kila jioni kabla ya kulala, na ndiye anayetutangazia kama dagaa watakuwa ghali wiki hiyo. Nilimpeleka asubuhi moja Mwaloni, Kirumba, kwenye soko la samaki na dagaa, magunia yakipakiwa kwenye malori yanayokwenda mikoani na mpaka Kongo. Akamsimamisha mama mmoja mchuuzi, akamwamkia, akamuuliza kama dagaa wake ni wa mji ule wa taa. Yule mama alicheka mpaka akakaa chini, akamfungia mfuko mdogo bure, akasema, "Wabeja, mwanangu, ni wa huko huko."

Ninyanyue mkono hapa niseme jambo ambalo wengine hawatalipenda. Si kila sherehe kubwa ni ya watoto wadogo. Kule Bujora, Kisesa, kwenye makumbusho ya Wasukuma yaliyoanzishwa na Padre David Clement, mmisionari kutoka Kanada, kila Juni kuna ngoma za Bulabo, makundi ya Wagika na Wagalu yakishindana, na nyoka wanachezeshwa mbele ya umati. Ni fahari yetu na ninaipenda kwa moyo wote. Lakini tulipokwenda, mkubwa hakuona chochote isipokuwa migongo ya watu, wa kati aliziba masikio, na mdogo akalala mgongoni kwangu chatu alipoletwa uwanjani. Siku ya kawaida, isiyo na watu, Bujora hiyo hiyo iliwapa furaha kubwa: wakazunguka jengo la ngoma za watemi wakilinganisha ukubwa wa ngoma na matumbo yao, wakaingia nyumba ya mhunzi, wakauliza maswali na kujibiwa bila mtu kuwasukuma. Bulabo itawangoja. Ilikuwepo kabla yao.

Na simu nazo. Picha moja mwanzoni, yenye watoto wote, inatosha. Zaidi ya kumbukumbu, inasaidia mtoto akipotea kwenye watu, kwa maana unajua amevaa nini. Baada ya hapo simu inaingia kwenye mfuko pamoja na kanga ya pili. Mtoto mdogo ana saa mbili nzuri, labda tatu kama amelala vizuri, na saa hizo zikiisha hakuna kinachozirudisha, si soda wala biskuti. Ondoka angali anacheka. Akikuomba mbaki kidogo, umemwachia sababu ya kurudi.

Hayo yote yanawezekana kwa sababu tunajua pa kufikia majini. Wazazi wengi hawajui, na si kosa lao. Mtoto wa Igogo au Bugarika anaamka ziwa liko chini ya mlango wao, lakini ukimwambia mama yake ampeleke ufukoni, atakuuliza ufuko upi. Kati ya nyumba yao na maji kuna ukuta wa hoteli, uzio wa kiwanda, ghala, au mtaro unaomwaga uchafu. Sehemu chache zilizo wazi hazina choo, hazina kivuli, na mama mwenye watoto watatu hawezi kukaa mahali hapo zaidi ya nusu saa. Wakati huo huo Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, katika kifungu chake cha 57, inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ufuko wa ziwa. Mita hizo 60 zilitengwa kwa ajili ya kulilinda ziwa, na mimi sina ugomvi na hilo. Lakini mita 60 za majani na miti, zisizojengwa, ndizo hasa anazohitaji mtoto wa miaka minne akiwa na fimbo mkononi.

Naiomba Halmashauri ya Jiji la Mwanza, na wenzao wa Manispaa ya Ilemela, waanze na kipande kimoja kila upande, kisicho na kiingilio, ambacho mama anaweza kukifikia kwa daladala moja. Wapande miembe na mikuyu. Waweke choo kinachofungika, bomba la maji safi ya kunawa miguu, na kibao chenye mchoro wa konokono unaoeleweka hata kwa asiyesoma. Waajiri mtu mmoja anayejua maji, mzee wa boti ikiwezekana, akae pale asubuhi za Jumamosi na Jumapili. Wasijenge zaidi ya hapo. Watoto wataleta fimbo zao.